Amplifaya ya Vali Ikivuma, Ikikwaruza au Ikipiga Mluzi: Tafuta Kosa Kabla ya Kununua Vali

"Amplifaya yangu inavuma, nibadilishe vali ipi?" Swali hili haliishi, na jibu langu halibadiliki: usibadilishe yoyote kwanza. Vali, yaani ile mirija ya kioo inayokuza sauti, husingiziwa mengi kwa sababu ndizo zinazoonekana zikiwaka, tena hutoka bila kulehemu. Mtu ananunua seti nzima, anaichomeka, mvumo uko palepale, na sasa hana hela wala jibu.

Mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio mmoja: kutoka nje kuingia ndani, na kutoka kisichoua kwenda kinachoua. Hatua saba za mwanzo hazihitaji kufungua chesisi, yaani lile sanduku la chuma lenye saketi. Usiziruke, hata kama una pasi ya kulehemu mkononi na hamu ya kuitumia.

Ninazungumzia amplifaya za gitaa za mtindo wa miaka ya 1950 na 1960, ziwe za zamani kweli au zilizotengenezwa juzi kwa kufuata michoro ile. Ndani yake kuna vali ndogo za 12AX7 (Ulaya huitwa ECC83), vali za nguvu kama 6V6, 6L6, EL84 au EL34, na pengine vali ya rektifaya, inayogeuza mkondo geu (AC) kuwa mnyoofu (DC), kama 5Y3 au GZ34.

Kabla hujagusa chochote

Ndani ya chesisi kuna volti 300 hadi 500 za mkondo mnyoofu. Kapasita kubwa huweza kuushikilia umeme huo baada ya wewe kuzima na kuchomoa plagi. Kuchomoa peke yake hakukulindi.

Usiwashe amplifaya ya vali bila spika kuunganishwa. Transfoma ya kutolea sauti ikikosa mzigo huzalisha volti kubwa za kurudi nyuma, na inaweza kuungua. Waya wa spika nao uwe waya wa spika, si kebo ya gitaa, hata kama jeki zinafanana.

Kuna amplifaya ndogo za zamani zisizo na transfoma ya umeme kabisa. Hita za vali zake, zile nyuzi zinazozipasha moto, zimefungwa mfululizo, na utazijua kwa vali kama 50C5 na 35W4. Chesisi yake inaweza kuwa imegusana na umeme wa ukutani moja kwa moja. Ukikuta hiyo, mwongozo huu haukuhusu. Mpelekee fundi aiwekee transfoma ya kutenganisha kwanza.

Na ikiwa amplifaya ina plagi ya zamani ya pini mbili, hasa zile za Marekani, mara nyingi kuna kapasita ndogo kutoka waya wa umeme hadi kwenye chesisi. Mafundi huiita kapasita ya kifo, na hawatanii: ikipiga shoti, nyuzi za gitaa lako zinakuwa na umeme. Itolewe, uwekwe waya wa pini tatu wenye ethi (waya wa kwenda ardhini) iliyofungwa imara kwenye chesisi. Fanya hivyo kabla ya kushughulikia kelele yoyote.

Vitu vya kuwa navyo

- Gitaa moja na kebo moja unazojua ni nzima
- Vali moja ya 12AX7 iliyo nzima
- Penseli ya mbao au kijiti kikavu
- Dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti, na brashi ndogo
- Multimita inayopima hadi volti 1000, yenye waya ambazo ngozi yake haijachanika
- Rezista ya kiloomu 10, wati 5, iliyoungwa kwenye waya mbili zenye klipu
- Pasi ya kulehemu ya wati 40 au zaidi
- Balbu ya zamani ya uzi, wati 60 au 100, na soketi yake
- Mchoro wa saketi wa modeli yako

Mchoro ndio watu husahau. Bila huo unabahatisha.

Hatua kwa hatua

1. Itambue sauti. Washa, acha vali zipate moto, usipige gitaa. Mvumo mzito na laini una masafa ya umeme wa ukutani, hezi 50 au 60 kutegemea nchi. Huo huelekeza kwenye ethi, waya za hita, au gitaa linalonasa sumaku ya transfoma. Mvumo wenye makali, kama nyuki ndani ya debe, mara nyingi una masafa maradufu, 100 au 120, na mshukiwa wa kwanza ni kapasita za kuchuja, zile kubwa zinazolainisha umeme wa ndani. "Shhh" ya mfululizo hutoka hatua za mwanzo za kukuza sauti. Mkwaruzo na mipasuko ya ghafla ni kontakti chafu, lehemu iliyolegea au rezista inayokufa.

Huhitaji kipimo cha masafa, gitaa lenyewe litakuambia. Ambapo umeme ni wa hezi 50, piga noti ya G, freti ya 3 ya uzi mnene wa E: ina hezi 98. Mvumo ukilingana nayo, una 100. Ukiwa chini yake kwa oktavu nzima, una 50. Kwenye umeme wa hezi 60, tumia B, freti ya 2 ya uzi wa A, yenye hezi 123 na kidogo. Hailingani kabisa na 120, lakini sikio halitakosea oktavu.

Jua pia kwamba "shhh" kidogo voliumu ikiwa juu kabisa ni kawaida ya amplifaya hizi. Usiifukuze hiyo.

2. Chomoa gitaa. Kelele ikiisha, amplifaya haina kosa. Geuka na gitaa lako polepole: pikapu (vinasa sauti vya gitaa) za koili moja hunasa mvumo wa transfoma, taa za mirija na swichi za kupunguzia mwanga, na kuna upande ambao mvumo unapungua. Sogea mbali na amplifaya. Badilisha kebo.

Kelele ikiongezeka pale tu unapochomoa, angalia tundu la jeki. Matundu mengi ya kuingizia yana ulimi wa chuma unaofunga njia ya sauti kwenda ethi wakati hakuna jeki. Ulimi ukichafuka au ukilegea, tundu linabaki wazi na linanasa kila kitu. Puliza dawa, ingiza na kutoa jeki mara kadhaa.

3. Chunguza umeme unaoingia. Jaribu soketi nyingine. Ondoa pedali zote, hasa zinazokula umeme wa adapta moja, na ucheze moja kwa moja. Ukitumia amplifaya mbili kwa pamoja au umeunganisha kompyuta, ethi zinaweza kuwa zinazungukana. Kelele ikiisha unapotenganisha kebo ya sauti, umeipata.

Onyo: usikate pini ya ethi wala kuifunika kwa utepe "ili mvumo uishe". Mvumo utaisha kweli. Siku kosa likitokea, njia ya umeme kwenda ardhini itakuwa mwili wako.

4. Zungusha kila kitufe, kimoja kimoja. Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na haigharimu kitu. Shusha voliumu zote hadi sifuri. Kelele ikibaki vilevile, inazaliwa baada ya voliumu: kwenye umeme wa ndani, vali inayogawa sauti kwa vali za nguvu, au vali za nguvu zenyewe. Ikipungua pamoja na voliumu, inazaliwa kabla. Umeshaigawa amplifaya nusu kwa nusu bila bisibisi.

Fanya hivyo kwa riverbu, yaani mwangwi wa springi. Mvumo ukifuata kitufe cha riverbu, angalia kebo za boksi la springi, halafu boksi lenyewe: huenda upande wa kutolea sauti uko karibu na transfoma ya umeme. Ligeuze kichwa kwa mkia, usikilize.

Kitufe kinachokwaruza kikizungushwa ni uchafu, kipulizie dawa ndani. Lakini kikiendelea kukwaruza baada ya kusafishwa, usikimbilie kukibadilisha. Huenda kapasita ya kuunganisha (inayopitisha sauti kwenda hatua inayofuata na kuzuia umeme mnyoofu) iliyo kabla yake inavujisha umeme mnyoofu, na kitufe kipya kitakwaruza hivyohivyo. Tutaifikia hatua ya 12.

5. Gonga vali kwa penseli. Amplifaya ikiwa imewashwa, voliumu katikati, gonga kila vali taratibu kwa ncha ya mbao. Vali ya kwanza itasikika kidogo kwenye spika, hiyo si kosa. Unachotafuta ni vali inayolia kama kengele, inayokwaruza, au inayoanzisha unyende usiokoma. Hiyo imegeuka maikrofoni.

Kabla ya kuihukumu, zima, iache ipoe, itoe na kuirudisha mara chache. Mkwaruzo ukiisha, ubaya ulikuwa kwenye pini. Safisha pini, na ikiwa kontakti za soketi zimelegea, zitabanwa kwa sindano baadaye, chesisi ikiwa imefunguliwa na chaji imetolewa.

6. Toa vali ndogo moja baada ya nyingine. Zima, subiri zipoe. Anza na ile iliyo karibu zaidi na tundu la gitaa. Toa, washa, sikiliza, zima. Kisha inayofuata, bila kurudisha ya kwanza. Vali ambayo kutolewa kwake kunanyamazisha kelele ndiyo inayokaa kwenye eneo la kosa. Rudisha zote, halafu weka ile 12AX7 nzima mahali pake. Kelele ikiisha, ilikuwa vali. Ikibaki, ni saketi inayoizunguka, na seti mpya isingekusaidia chochote.

Kama umetoa vali zote ndogo na mvumo upo, shuku kapasita za kuchuja au vali za nguvu zisizolingana. Vali mbili za nguvu zinazofanya kazi kwa kupokezana hufutiana mvumo. Moja ikichoka kuliko nyingine, mvumo unapita.

Angalia usichanganye soketi. EL84 na 12AX7 zote zina pini tisa na zinaingia popote, lakini miunganiko yake ni tofauti kabisa. Vivyo hivyo rektifaya ya GZ34 na vali ya nguvu: kitako kimoja, kazi mbili. Weka alama kabla ya kutoa.

7. Zima taa ya chumba, utazame vali za nguvu. Mng'ao wa chungwa katikati ni hita, sawa. Mwanga wa buluu kwenye ngozi ya kioo si kosa. Mwanga wa zambarau uliojaa katikati ya vyuma unaonyesha gesi. Ile rangi ya fedha iliyopakwa ndani ya kioo ikigeuka nyeupe, hewa imeingia na vali imekufa. Na bamba la nje la chuma, anodi, likianza kuwa jekundu, zima papo hapo. Usimalize wimbo. Vali inapitisha mkondo kupita kiasi na inaweza kuondoka na transfoma.

Kuanzia hapa tunafungua.

8. Toa chaji. Chomoa plagi. Fungua. Funga klipu moja ya rezista kwenye chesisi, ya pili kwenye upande chanya wa kapasita ya kwanza ya kuchuja, ukitumia mkono mmoja na mwingine ukiwa mfukoni. Subiri nusu dakika. Pima kwa mita: iwe chini ya volti 10. Kisha rudia kwa kila kapasita kubwa, kwa sababu swichi ya kusubiri (standby) ikiwa imefungua njia, baadhi yake zimetengwa na za mwanzo. Usizipige shoti kwa bisibisi: cheche huchoma kontakti na kapasita.

Rudia hatua hii kila unapowasha na kuzima. Kila mara.

9. Tazama na unuse. Piga picha kabla ya kugusa. Tafuta kapasita zilizovimba au kutoa uji, rezista zilizobadilika rangi, lehemu zenye mpasuko wa duara, na skrubu za ethi zilizolegea. Skrubu iliyolegea huvumisha amplifaya nzima. Kaza, huku ukijua kwamba pengine kazi imeishia hapo.

10. Kapasita za kuchuja. Ikiwa mvumo una hezi 100 au 120, haujali voliumu, na kapasita zina miongo kadhaa, zibadilishe zote kwa pamoja. Volti zake zisiwe pungufu ya za awali. Ukubwa usiuongeze hovyo kwenye ile ya kwanza baada ya vali ya rektifaya: GZ34 huvumilia hadi mikrofaradi 60, 5Y3 chini ya hapo.

Chunga chanya na hasi. Ukigeuza, inaweza kulipuka. Na hapa wanaoanza hunaswa: kapasita ya baiasi (volti zinazoamua mkondo unaopita kwenye vali ya nguvu), kwenye amplifaya zenye baiasi ya kupangwa, hufungwa kinyume, chanya ikienda chesisi, kwa sababu volti zake ni hasi. Usiisahau kapasita hiyo. Ikikauka inaleta mvumo na kuwasha anodi nyekundu kwa pamoja.

11. Waya za hita. Hita hupewa volti 6.3 za mkondo geu. Ili zisivume, katikati yake hufungwa ethi, ama kwa waya wa katikati wa transfoma au kwa rezista mbili za omu 100. Amplifaya ikiwa imezimwa na kuchomolewa, pima kutoka waya mmoja wa hita hadi chesisi. Kwa mtindo wa rezista mbili utasoma karibu omu 50, kwa sababu koili ya transfoma inaziweka sambamba. Ukisoma 100, moja imeungua. Ukisoma sifuri kabisa, una waya wa katikati, au kuna shoti; mchoro utakuambia. Mwisho, waya za hita ziwe zimesokotwa na ziende mbali na waya za gridi, yaani pini ya vali inayopokea sauti.

12. Kapasita za kuunganisha. Kipimo hiki hufanywa amplifaya ikiwa imewashwa, kwa hiyo kama mkono wako unatetemeka, mwachie fundi. Toa vali za nguvu, spika ibaki imeungwa. Funga klipu nyeusi kwenye chesisi kabla ya kuwasha, kisha kwa mkono mmoja gusa pini ya gridi: pini ya 5 kwa 6V6, 6L6 na EL34, pini ya 2 kwa EL84. Kwenye amplifaya yenye baiasi ya kathodi, inayojipanga yenyewe kwa rezista, soma karibu sifuri; volti chanya zinazoonekana wazi ni uvujaji. Kwenye baiasi ya kupangwa, pini zote zinatakiwa kuwa na volti hasi zinazolingana. Upande uliosogelea sifuri ndio wenye kapasita mbovu.

13. Rezista za anodi. Mkwaruzo unaokuja na kuondoka wenyewe, bila mtu kugusa kitu, mara nyingi ni rezista za kiloomu 100 zinazolisha anodi za 12AX7. Zile za kaboni za zamani hunyonya unyevu na kuanza kelele. Weka za filamu ya metali. Wapo watakaokuambia kaboni ina "utamu" wake; kwenye hatua ya kwanza, mimi huchagua ukimya.

Ikiwa bado kuna tatizo

*Fyuzi inakatika.* Weka ya ukubwa uleule, kamwe si kubwa zaidi. Unganisha balbu ya uzi mfululizo na umeme, utoe vali zote. Balbu iking'aa kwa nguvu na kubaki hivyo, kosa liko kwenye transfoma ya umeme au waya zake. Ikififia, rudisha rektifaya peke yake. Iking'aa sasa, ni rektifaya, kapasita za kuchuja, au transfoma ya kutolea sauti. Ikififia tena, rudisha vali za nguvu. Hapo mshukiwa ni moja yake.

*Inapiga pu-pu-pu kama mota ya boti.* Kapasita za kuchuja za hatua za mwanzo zimechoka, na hatua moja inaitikisa nyingine.

*Redio inasikika kwenye spika.* Angalia lehemu ya ethi ya tundu la jeki na zile rezista za kiloomu 68 zilizo njiani kwenda gridi ya kwanza.

*Unyende mkali ulianza baada ya kubadilisha transfoma ya kutolea sauti.* Umegeuza waya. Badilishana zile mbili zinazokwenda kwenye anodi za vali za nguvu.

*Inavuma ikishapata moto tu.* Rudia hatua ya 5 na ya 12 baada ya amplifaya kuwaka nusu saa, si dakika mbili.

Ukibadilisha vali za nguvu kwenye amplifaya yenye baiasi ya kupangwa, ipange upya kabla ya kufunga. 6L6GC ina kikomo cha wati 30 kwenye anodi, EL34 wati 25. Watu wengi hubaki kwenye asilimia 70 ya kikomo: kwa 6L6GC yenye volti 450 kwenye anodi, ni karibu miliampea 47 kwa kila vali. Pima tena ikishachemka robo saa, maana hesabu husogea.